Maji Yatakwenda Wapi?

Simu ilinijia saa mbili na robo asubuhi, nikiwa Kisauni nasubiri matatu ya kuja mjini. Aliyepiga ni ami mmoja mwenye duka la leso karibu na Biashara Street, chini ya jengo tulilokuwa tumelikabidhi miezi minne nyuma. "Fundi," akasema, "njoo uone." Hakupaza sauti wala hakunitukana, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilipofika nikamkuta amesimama mlangoni, kofia mkononi. Dari ya jipsamu ilikuwa imeshuka katikati kama chandarua kilichojaa maji, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yakidondokea rafu. Doti za leso zilizopangwa mpaka juu zilikuwa zimeyanyonya. Hayakuwa maji ya bafu. Harufu ilisema yalikotoka.

Mabomba yaliyo juu ya dari ile niliyalaza mimi.

Mimi ni fundi bomba. Nilianza mwaka 2003 nikiwabebea wazee misumeno na gundi, na tangu hapo nimefanya kazi karibu kila mtaa wa kisiwani, kutoka Majengo na Bondeni hadi Tudor, Ganjoni na Kizingo. Nimeona nyumba za vyumba sita zikibomolewa na gorofa nane zikisimama pale pale. Nimeona ofisi zikigeuzwa vyumba vya kulala, na majumba ya Mji wa Kale yakigeuzwa nyumba za wageni. Watu wakizungumzia mabadiliko haya huzungumzia vioo, rangi na lifti. Mimi yangu ni maji: yanaingiaje, na yakishatumika yanakwenda wapi. Nimelipia kujua hayo, na wako waliolipia zaidi yangu.

Jengo la ami lilikuwa la ofisi, la zege, gorofa tatu juu ya maduka. Kwa miaka mingi lilijaa mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Ukipanda ngazi unasikia taipureta, baadaye kompyuta, na vijana wakishuka mbio na mafaili kwenda Kilindini. Kisha ikaja reli mpya. Abiria walianza 2017, na mwaka uliofuata makontena yakaanza kupandishwa treni pale pale bandarini kwenda kutolewa Nairobi. Mawakala waliobaki na kazi walilazimika kuifuata huko juu, wengine wakafunga. Aliyetembea Moi Avenue miaka ile, kutoka Mapembeni hadi Digo Road, aliona vibao vya "Inapangishwa" dirisha baada ya dirisha. Agizo la kulazimisha mizigo ipite reli liliondolewa 2022, lakini ofisi nyingi zilikuwa zimeshageuka kitu kingine.

Simlaumu mwenye jengo kwa kuligeuza. Ofisi tupu hailipi kodi ya kaunti, na vijana wanatafuta vyumba karibu na kazi. Wanafunzi wa chuo kule Tudor wanalala wanne wanne. Jengo lipo, kuta zipo, kwa nini watu wasikae? Mwaka 2018 lilikuwa limepakwa nyeupe na pambizo za buluu, kama kaunti ilivyoagiza majengo ya katikati ya mji, na kwa nje lilipendeza kweli.

Ndani kila gorofa ilikuwa na ofisi nane na vyoo viwili, vyote nyuma kabisa karibu na ngazi, na bomba moja la inchi nne likishuka wima hadi shimoni. Aliyelichora alijua alichokuwa akikifanya. Karani anaingia saa mbili, anakunywa chai, anakwenda msalani mara mbili, saa kumi na moja jioni anarudi kwake. Usiku kucha bomba linakauka na shimo linapumua.

Ramani mpya ilitaka vyumba kumi na viwili kila gorofa, kila kimoja na choo chake, bafu lake na sinki lake la kuoshea vyombo. Vyumba 36. Vile vya mbele vinavyotazama barabara, ambavyo ndivyo vyenye kodi kubwa, vilikuwa mita 18 kutoka lile bomba la nyuma.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kila kitu kiko kwenye hesabu hii. Bomba la choo la inchi nne huteremka sentimita moja kwa kila sentimita 40 za urefu. Ukililaza bapa kuliko hivyo, maji yanatangulia na kuacha uchafu nyuma, na uchafu ule unakauka na kuwa kizingiti kwa unaofuata. Kwa mita 18 unahitaji mteremko wa sentimita 45. Unene wa slabu yenyewe ulikuwa sentimita 15. Mkandarasi akaamua tuinue sakafu yote kwa sentimita 15 nyingine, tujaze mchanga, tuzike mabomba humo na kupiga vigae juu. Yaani bomba lililotaka kushuka sentimita 45 lilipewa 15.

Nilimwambia. Nilimwambia mara moja, mchana, mbele ya vibarua, naye akaniuliza natafuta kazi au natafuta kesi. Mwanangu wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari ile. Nikaendelea na kazi.

Nyumba za Mombasa zina saa yao ya maji, nayo ni alfajiri. Adhana ikilia mabomba yote yanafunguka pamoja: huyu anatia udhu, yule anaoga awahi zamu ya bandarini, mama anaosha mtoto wa chuoni. Kwa miezi minne bomba langu lilikuwa likikusanya mzigo kila siku na kila alfajiri likisukumwa kwa nguvu. Siku ile likaziba kabisa. Maji yakarudi nyuma, yakatafuta kiungo dhaifu, yakakipata, yakajaza mchanga wote wa chini ya vigae vya vyumba vitatu. Wapangaji hawakuona kitu. Aliyeona ni ami, alipofungua duka.

Hakuna aliyemlipa. Mwenye jengo alisema ni mkandarasi, mkandarasi akasema ni fundi. Mimi nilimpelekea kidogo kidogo kwa mwaka na nusu, na sikuimaliza thamani ya mali yake hata nusu. Kila nilipokwenda aliniagizia kahawa tangawizi kwa muuzaji wa nje, tukanywa tukiwa tumekaa kwenye marobota, akanihesabia zile noti bila kuzihesabu mara ya pili. Siku ya mwisho alisema, "Basi, mwanangu, imetosha." Sijui kama ilitosha.

Baada ya hasara ile mwenye jengo alimwita mhandisi, jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo. Alikuja mama mmoja mtaratibu, akapanda gorofa ya kwanza, akagonga sakafu kwa kisigino. Akaniuliza chini kuna nini. Nikamwambia mchanga, sentimita 15. Akaandika daftarini kwake, kisha akanionyesha: karibu kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Akanieleza kwamba sakafu ya ofisi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 250 kwa mita ya mraba, yaani watu na meza na makabati yao. Uwezo wote ule tulikuwa tumeupa mchanga, kabla mpangaji hajaingiza kitanda. Na juu ya mchanga tulijenga kuta za mawe za kugawa vyumba. Na juu ya paa tuliweka matangi matatu ya lita 5,000, ambayo yakijaa ni tani 15.

Niliketi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nikilia na leso, kumbe tungeweza kulia na watu.

Tulitoa mchanga wote kwa karai, gorofa moja baada ya nyingine. Kuta za mawe zikaondoka, zikaja za bodi. Katikati ya jengo kulikuwa na uwazi wa kuingiza mwanga na upepo, shimo la mraba kutoka chini hadi juu, ambalo mkandarasi siku zote aliliita nafasi iliyopotea. Mhandisi alishusha humo mabomba sita mapya, kila moja likihudumia vyumba viwili kila gorofa, na vyoo tukavihamishia upande wa ndani. Safari ndefu zaidi kutoka choo hadi bomba la wima ikawa mita nne. Mteremko wake ni sentimita 10, na huo unaupata bila kuinua kitu: unayaning'iniza mabomba chini ya slabu na kuyaficha juu ya dari ya jirani wa chini, ambako ukitaka kuyafungua unayafikia. Kila bomba la wima likaendelea mpaka juu ya paa likaachwa wazi lipumue, kwa sababu bomba lisilopumua hunyonya yale maji yaliyotuama kwenye kona ya choo, na yakishanyonywa harufu ya shimo lote inaingia chumbani. Ile "harufu ya Mombasa" ambayo wapangaji wa fleti mpya huilalamikia na kuinyunyizia manukato, mara nyingi ni bomba lililokatwa chini ya paa ili kuokoa futi sita za plastiki.

Likabaki shimo lenyewe. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya Mombasa haina mfereji wa maji taka. Uko mtambo Kizingo kwa baadhi ya mitaa ya kisiwani, uko mwingine Kipevu upande wa bara, na kwingine kote kila nyumba ina shimo lake. Shimo la makarani sitini wa mchana lilikuwa limepewa watu wa usiku na mchana, wanaooga na kupika na kufua. Gari la kunyonya lilikuwa likiitwa kila wiki mbili. Gharama ile haikuwamo kwenye hesabu ya mwenye jengo, na sasa iko kwenye kodi ya wapangaji.

Haikuwa mara yangu ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi, na hakuna aliyenipigia simu.

Nyanya yangu alikuwa na nyumba Majengo. Nyumba ya Kiswahili kama wanavyoijua watu wa Pwani: baraza mbele, mlango wa mbao mbili, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ua wenye jiko, choo na kisima. Vyumba viwili alikaa yeye na sisi wajukuu, vinne alipangisha. Nyumba ilikuwa yake lakini ardhi haikuwa yake. Mtu wa bara ukimwambia hivi anadhani umekosea kusema. Mombasa ni jambo la kawaida: unamiliki kuta, paa na milango, na kila mwezi unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Wakoloni walipoanza kuandikisha hati za ardhi za Pwani mwaka 1908, waliopata hati ni wale walioweza kudai na kuthibitisha kwa karatasi, na vizazi vya waliokosa karatasi vikajenga juu ya ardhi ya wengine. Ukitoa kodi unakaa. Ardhi ikiuzwa, unaondoka na mabati yako.

Iliuzwa mwaka 2006. Alipewa miezi michache na pesa ambazo hazikutosha kujenga hata ukumbi. Tulihamia Kisauni. Nyanya aling'oa mlango wa mbele akauchukua, akisema mlango ule aliununua kwa kuuza mahamri na hakuna mwenye ardhi aliyemsaidia kukanda unga.

Miezi mitatu baadaye mzee niliyekuwa nikijifunza kwake akapata kazi ya mabomba kwenye gorofa sita zitakazojengwa Majengo. Alipotaja njia, nikajua kabla hajamaliza. Nilikwenda. Nilikuwa na miaka 22 na sikuwa na kazi nyingine.

Kisima kilikuwa bado kipo, katikati ya kiwanja kilichobomolewa, mdomo wake umefunikwa kwa mabati. Kina chake pima sita. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo. Ya kunywa tulinunua, lakini kuoga, kufua na kuosha vyombo kulikuwa kwa kisima. Nyumba nane za jirani zilikuwa na visima vya namna hiyo. Msimamizi wa ujenzi alipokiona alifurahi. Mwamba wa kisiwa hiki ni wa matumbawe: mgumu kuuchimba kwa sururu, lakini una matundu ndani kama sifongo. Kuchimba shimo la kufyonza maji ya choo kwenye mwamba ule ni kazi ya wiki nyingi. Na hapa palikuwa na shimo tayari, limefika kwenye maji. "Elekezeni huku," akasema.

Mzee wangu alinyamaza. Alikuwa mtu wa swala tano, mkali kwangu kwa kiungo kilichopinda nusu nyuzi, na siku ile alinyamaza. Bomba la mwisho, lile linalotoka kwenye tangi la septiki kwenda kisimani, nililaza mimi, kwenye ua niliofundishwa kutembea.

Maji ya tangi la septiki si masafi. Yameachana na uchafu mzito tu. Maradhi yote yamo. Yakishushwa kwenye mwamba mkavu juu ya maji ya chini, mwamba unapata nafasi ya kuyachuja kidogo. Yakimiminwa moja kwa moja kwenye kisima yanakuwa maji ya kila kisima cha jirani. Baada ya masika ya pili, wanawake wa nyumba za nyuma walianza kusema maji yamebadilika. Kisha wakaacha kuteka, wakaanza kununua mtungi wa lita 20 kwa mikokoteni, hata wa kufulia. Niliyasikia hayo kwa watu, kwenye arusi, kwenye matanga. Watu walisema ni chumvi ya bahari imezidi. Mimi nilijua.

Idi moja nilimchukua nyanya kwenda kuwaamkia jamaa Majengo, akataka apite aone. Alisimama ng'ambo ya njia, buibui lake limepigwa na upepo wa kusi, akahesabu gorofa kwa kidole. Hakuonyesha uchungu. Akauliza swali la mtu aliyewahi kupangisha: "Na watu wote hawa, maji yao yatakwenda wapi?"

Nikamwambia yana shimo lake.

"Ah, afadhali," akasema, tukaondoka. Alifariki bila mimi kumwambia shimo lenyewe ni lipi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nimejifunza nini katika kazi hii, mimi sina jibu zaidi ya swali la nyanya. Nimelifanya kuwa desturi. Siangalii ramani kabla ya kuonyeshwa nyuma ya kiwanja na juu ya paa. Ukitaka kuuona uzito wa jambo hili kwa historia, nenda Ngome ya Yesu. Wareno waliianza 1593. Baadaye iligombaniwa na kubadilishwa mikono, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895, na tangu 1960 imekuwa makumbusho. Ngome, gereza, makumbusho, ndani ya kuta zile zile. Na ndani yake utakuta birika la kuhifadhi maji ya mvua na kisima kirefu kilichochimbwa mwambani, maji yake ya chumvi. Waliokuwa wakihofia kuzingirwa walijua kisiwa hiki hakina maji yake.

Hakina mpaka leo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, na maji yao ya mfereji yanatoka kaunti za watu: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi kule Kwale. Kila gorofa inayoongezwa mjini inavuta kutoka kwenye mabomba hayo hayo. Ndiyo maana jengo jipya hukosa maji ya mfereji siku tatu kwa wiki na likachimba kisima chake, likavuta chumvi, na chumvi ikala mabomba ya chuma na vichwa vya bafu kabla ya mwaka kwisha. Nimeshabadilisha vichwa vya bafu vya jengo zima mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Mji wa Kale ulinifunza kwa upole zaidi. Mwaka 2013 nilipewa kazi ya nyumba iliyokuwa inageuzwa ya wageni, si mbali na Ndia Kuu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono mzima, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu ya boriti: mkoko haukupi zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba nacho kinakomea hapo. Mwenye nyumba alitaka bafu kila chumba cha juu, na kuta zipigwe plasta ya saruji ili zionekane mpya.

Saruji kwenye ukuta wa chokaa ni kama kumvisha mtu koti la mpira kwenye jua la kaskazi. Ukuta wa zamani huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa kupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, unabeba chumvi, na chumvi ikikauka inavunja uso wa ukuta. Mzee mmoja wa chokaa aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya pili aliingia siku moja, akakwangua plasta yetu kwa ukucha, ikaanguka kipande kikubwa kama sahani. Hakusema neno la dharau. Alinishika mkono akanipeleka kona ya nyuma ya nyumba, akanionyesha vyoo vya zamani: cha juu kimekaa juu ya cha chini, kwenye kona moja yenye kuta zake nene, mbali na boriti za vyumba. Wazee waliyaweka maji yote ya nyumba mahali pamoja na kuyashusha kwa njia moja. Kwenye majumba ya Lamu utakuta hata birika la bafuni likiwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Hawakuwa na ramani ya kaunti wala kibali, lakini swali la nyanya walikuwa wamelijibu.

Safari ile tulisikilizwa, kwa sababu ofisi ya Makumbusho inayosimamia hifadhi ya Mji wa Kale nayo ilisema vivyo hivyo. Saruji ikatoka, chokaa ikarudi, na bafu zikawa nne badala ya nane, zote kwenye kona ile. Mwenye nyumba alinuna juu ya bafu nne zilizopotea. Boriti zake ni nzima mpaka leo. Nilipita juzi kubadilisha bomba la sinki, nikazigonga moja moja.

Kwa anayenunua fleti mjini sasa, maana wengi wananiuliza: sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya 2020 inakupa hati ya fleti yako, na hilo ni zuri, lakini hati hiyo inakupa pia fungu la paa, la matangi na la shimo. Siku shimo likijaa, ni lenu nyote. Kabla ya kutoa arabuni mtafute mlinzi au mfanyausafi, si wakala. Muulize gari la kunyonya huja mara ngapi. Nenda gorofa ya juu alfajiri ufungue bomba. Kama jengo lilikuwa ofisi au ghala, omba kuona kibali cha kubadilisha matumizi na jina la mhandisi aliyepima sakafu, na uangalie bafu liko hatua ngapi kutoka bomba la wima. Ukiona bafuni unapanda ngazi moja kuingia, uliza ngazi ile imejazwa nini.

Mwaka jana niliitwa kazi ya gorofa saba kule Bondeni. Siku ya pili, kijiko cha kuchimbia kikatoboa mdomo wa kisima cha zamani. Msimamizi, kijana mwenye adabu, alinijia akitabasamu: "Mzee, Mungu ametupunguzia kazi. Shimo la kufyonza hili hapa." Ni maneno yale yale karibu, miaka kumi na minane baadaye. Nikamwambia silazi bomba kuelekea humo, na kama atamleta fundi mwingine nitakwenda kwa mhandisi, kisha ofisi ya mazingira, na nitakwenda kwa miguu. Nilikuwa natetemeka, nilidhani nitafukuzwa jioni ile. Mwenye jengo alikuja, tukazungumza saa nzima chini ya mwembe wa jirani, nikamsimulia habari ya Majengo, yote, pamoja na nyanya. Sikuwahi kumsimulia mtu kabla yake.

Kisima kilijazwa kwa siku tatu: mawe safi chini, kokoto, mchanga, kisha kifuniko cha zege. Shimo la kufyonza tulilichimba upande wa pili wa kiwanja, kwenye mwamba, kwa sururu na mashine, mbali na ukuta wa jirani, na tukasimama kabla ya kufika kwenye maji. Ilichukua wiki tano. Nyuma ya ule ukuta kuna kisima kingine ambacho bado kinatumika, na asubuhi tulipokuwa tukipumzisha mashine tuliwasikia wakiteka.